Mgao wa Jumatatu

Redio ya Mama Mashine ilikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya habari. Asubuhi ile ya Jumamosi ilikohoa weee, ikakaa kimya, halafu ikasema kwa sauti ya mtu aliyevaa tai: "Sekretarieti ya Jumuiya imethibitisha kwamba mgao wa umeme utaanza rasmi siku ya Jumatatu kwa nchi zote wanachama."

Mama Mashine alilitua birika mezani kwa kishindo mpaka chai ikaruka.

"Mgao! Wametufungia tanuri letu, wakatuapia kwamba taa hazitazimika, leo wanatuletea mgao! Watu hawa nyuso zao zimetengenezwa kwa nini?"

"Mama, shusha sauti, hapa si mashineni," akasema mwanawe, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kweli alikuwa na sauti. Mwanamke aliyesaga nafaka za watu tangu alipofiwa na mumewe, siku nzima ubavuni mwa mota inayonguruma, haongei. Anapiga kelele hata akiomba chumvi. Mwanawe huyo ndiye aliyekuwa naye peke yake duniani. Watu walimwita Kipanga kwa sababu kazi yake ilikuwa kupanda minara ya nyaya za umeme, na mama yake hakupata usingizi mzuri tangu alipoajiriwa. Kila asubuhi alisimama mlangoni kumtazama mpaka apotee kwenye kona, na dua yake ilikuwa moja tu: arudi mzima.

Kando ya Kipanga alikaa fundi mwenzake kutoka nchi ya pili, ng'ambo ya mpaka. Jina lake la nyumbani liliwashinda watu ulimi, wakamwita Jirani, naye akalizoea mpaka akilisikia sokoni anageuka. Alikuwa amekuja na Jumuiya kuunganisha nyaya, na chai ya asubuhi alikunywa kwa Mama Mashine kama mtoto wa humo.

"Mama, mgao huu si giza," Jirani akasema kwa lafudhi yake ya kuvuta maneno. "Umeme wa bwawa letu umegawanywa. Kila nchi ina fungu lake. Fungu lenu linaanza kuja Jumatatu."

"Basi si wangesema fungu!"

"Mwenye tai hasemi fungu," Kipanga akadakia. "Akisema fungu wenzake watadhani anauza nyanya."

"Mleteni aliyeandika hilo neno nimpitishe kwenye mashine. Mgao kwetu ni kukatiwa umeme, hata mtoto anajua."

Wakacheka wote watatu. Wakubwa wa Jumuiya walikuwa wamekaa hotelini wakakubaliana kwamba makaa ya mawe yaachwe ardhini, maana moshi wake umeivuruga hali ya hewa mpaka mvua imepoteza njia. Mji huu uliishi kwa makaa. Tanuri lake la kuzalisha umeme lilikuwa likitema moshi tangu enzi za mababu, na mume wa Mama Mashine alilichochea mpaka kifua kikamuua. Tanuri likazimwa. Badala yake umeme wa maji ungevuka mpaka kwa nyaya ndefu, na kwa kipindi hiki cha kungoja mji ulikuwa ukitumia majenereta makubwa yaliyowekwa kwenye kituo cha umeme nje kidogo ya mji.

Kipanga alivaa viatu vyake vya kazi, akasimama mlangoni, na uso wake haukuwa wa mzaha tena.

"Lakini Mama, watu watalisikia hilo neno kama ulivyolisikia wewe. Ukifungua mashine waambie maana yake. Wewe una wasikilizaji kuliko redio."

"Nitawaambia."

"Usisahau, Mama."

"Nimekuzaa mimi au umenizaa wewe? Nimesema nitawaambia."

Akawatazama mpaka kona ikawameza.

Neno lile lilitoka mkutanoni limevaa suti. Lilipofika mtaani lilikuwa limevua koti na kushika panga.

Mama Mashine alikuta foleni imeshaanzia mlangoni mwa mashine yake ikaenda kukomea kwa fundi viatu. Wanawake wana ndoo kichwani, wana magunia kwenye toroli, mmoja amefunga mahindi kwenye shuka la kitanda.

"Fungua haraka, Mama Mashine, giza linakuja!"

"Mimi nasaga mpaka ya mbegu, shoga. Mbegu nitalia nazo baadaye."

Aliwasha mota, mkanda ukapiga kelele, vumbi jeupe likapanda. Akafungua kinywa. "Jamani, hebu nisikilizeni..." Halafu akaitazama ile foleni.

Miezi ilikuwa imepita hajaona foleni kama ile. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine mpya ya dizeli iliyomnyonya wateja mmoja mmoja, na mkanda wa mashine yake mwenyewe ulikuwa umeshonwa hadi hauna pa kushonwa tena. Akajisemea moyoni: wasage kwanza. Unga hauozi kwa siku moja. Mchana nitawaambia, tutacheka wote. Nani amewahi kuumia kwa kuwa na unga ndani?

"Ni kweli lakini huo mgao?" akauliza mke mmoja kijana mwenye kitambaa chekundu kichwani.

"Si mmesikia wenyewe redioni," Mama Mashine akajibu bila kumtazama, akamimina debe lingine. Hakudanganya. Ndivyo alivyojiambia.

Ndipo alipoingia shemeji yake.

Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, baba mdogo wa Kipanga, mtu mwenye kifua cha watu wawili na mikono iliyoungua ungua, maana alichochea tanuri lile lile mpaka siku lilipozimwa. Tangu siku hiyo alishinda kijiweni na wenzake wa tanuri, wakipigana na hewa. Alibeba gunia alilotumwa na mkewe, na nyuma yake wanaume kama kumi hivi, hawana gunia wala ndoo.

"Shemeji, unga huo!" akasema kwa sauti ya kushindana na mota. "Wewe unasaga, mimi unga wangu ulimwagwa na watu hata hawakuvua miwani. Wakasema moshi wetu unaharibu mvua. Sawa. Tukazima. Wakasema umeme utakuja. Sasa leo wanasema nini?"

"Mgao!" foleni ikaitika.

"Mgao! Na umeme wenyewe unakwenda wapi? Ile minara si imepangwa kuelekea kwao? Wao ndio wana swichi. Wanavuta wetu, halafu wanatuachia giza. Na hao mafundi wao wako hapa hapa, wanakula chakula chetu."

Fundi viatu, mzee mkimya aliyekuwa akitazama kutoka kwenye kibanda chake, alisogea na kiatu mkononi. "Mimi nadhani mgao walioutaja ni ule wa kugawana," akasema. "Kama mgao wa mirathi. Huenda ni kwamba tunapewa..."

Hakumaliza. Shemeji alimtandika ngumi ya mdomo. Yule mzee alikaa chini kama mtu aliyevutiwa kiti, akatema damu, na katikati ya damu kulikuwa na jino. Damu nyingine iliruka ikaanguka kwenye gunia la unga lililokuwa wazi, ikatengeneza doa linalotanuka pole pole. Mwanamke mwenye gunia akapiga yowe, si kwa ajili ya mzee, kwa ajili ya unga.

"Mwingine anayejua Kiswahili zaidi yangu?" shemeji akauliza huku anajipuliza vidole.

Fundi viatu akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akamtazama Mama Mashine. "Wewe si mama wa fundi? Hebu waambie. Mwanao amekuambiaje?"

Foleni nzima ikageuka. Shemeji naye akageuka. Mama Mashine aliona zile ngumi, akaona lile doa, akaona madebe yaliyobaki.

"Mimi najua kusaga tu," akasema.

Shemeji akacheka, akabwaga gunia lake. "Msagie mke wangu hilo, nitalichukua nikirudi." Wakatoka.

Alidhani wanakwenda ofisi ya wilaya kupiga kelele kama kawaida yao. Aliendelea kumimina. Mpaka alipoingia mwanamke mmoja anahema, kanga imemdondoka begani, akasema, "Jamani mji umechafuka, wamevunja kituo cha mafuta, wamejaza petroli kwenye madumu, wanakwenda kituo cha umeme kuwachoma wale mafundi."

Mama Mashine alizima mota kwa kiganja. Wateja hawakuwahi kuisikia ile nyumba ikiwa kimya. Alitoka mbio vile vile, mweupe wa unga tangu nyusi hadi kandambili, na kandambili zenyewe zilimwacha njiani.

Lango la kituo lilikuwa limelala chini. Mlinzi alikaa ukutani ameshika pua iliyokwenda upande, damu ikimchuruzika hadi kwenye vifungo vya sare, akisema neno moja tu, "Nimewafungulia, nimewafungulia jamani," na hakuna aliyemwuliza. Ndani ya uzio watu walikuwa wengi kuliko soko. Wengine aliwasagia asubuhi ile. Wanavunja vioo vya magari ya kazi, wanapasua matairi, wanaume wawili wanamkanyaga dereva wa kituo ambaye alikuwa ameshajikunja na hajiteteji tena.

Katikati ya ua kulikuwa na chumba cha swichi, nyumba ndogo ya matofali yenye dirisha la nondo. Nyuma ya nondo aliuona uso wa mwanawe.

"Msiguse huko!" Kipanga alikuwa akipiga kelele. "Hizo nyaya zina moto! Tokeni huko, mtakufa!"

Alikuwa anawaambia wale waliokuwa wakipanda kwenye uzio wa transfoma. Kati yao alikuwa mnunua vyuma chakavu wa mtaa wa pili, mtu wa mzaha sana, aliyekuwa akipitia mashineni kila wiki kuuliza kama mota imekufa aichukue. Alishika bomba la chuma refu.

"Moto gani, si mmeshaukata!" akajibu kwa kejeli, watu wakamcheka, naye akaliinua bomba kupiga zile shaba za juu.

Mwanga wa buluu ulilipuka ukafuta kila kitu. Mlio wake ulikuwa kama shuka kubwa linalochanwa. Watu walipoweza kuona tena, mnunua chakavu alikuwa amening'inia kwenye uzio, bomba limegandia mikononi, nywele zinafuka, na miguu inacheza peke yake kama ya kuku. Kisha ikaacha. Harufu ikafika. Mama Mashine aliijua harufu ya nyama inayoungua, lakini hii ilikuwa na nguo ndani yake.

Halafu mtu akasema, "Wamewasha! Wamemwashia kusudi!"

"Wameua! Wameua mtu wetu!"

Mawe yakaanza kunyesha kwenye lile dirisha. Uso wa Kipanga ukatoweka. Mama Mashine alijipenyeza katikati ya watu kwa viwiko na kwa meno, akaufikia mlango wa chumba, akaugeuzia mgongo na kutandaza mikono. Sauti yake yote ya miaka ya mota akaitoa.

"Mgao si giza! Nisikieni! Mgao ni fungu letu, umeme unakuja Jumatatu, haukatwi, unakuja! Redio imekosea neno! Wale waliomo humu ndio wanaouleta!"

Watu wa mbele walisita. Wengine waliteremsha mawe. Shemeji alikuwa mbele kabisa, dumu mkono mmoja, kipande cha reli mkono wa pili, jasho linamtiririka.

"Nani kakwambia?"

"Mwanangu. Na Jirani. Wamenieleza vizuri."

"Lini?"

Angeweza kusema sasa hivi. Angeweza kusema chochote. Lakini alikuwa na haraka ya kuaminiwa, na mtu mwenye haraka hutoa ukweli alionao karibu. "Asubuhi," akasema. "Kwenye chai."

Wanawake waliomfuata kutoka mashineni walikuwa wamefika. Yule wa kitambaa chekundu alisukuma watu, unga bado uko kwenye kope zake.

"Asubuhi? Mimi nimekuuliza kwa mdomo wangu huu! Nimesaga hata mbegu, sina cha kupanda, na wewe unajua?"

"Nilitaka kuwaambia mchana..."

"Mchana!"

"Anadanganya," shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa karibu ya huruma. "Angekuwa anajua angesema mbele ya fundi viatu. Alisema hajui. Sasa mwanawe yumo ndani ndio amejua. Shemeji, ondoka mlangoni."

"Siondoki!"

"Muondoeni."

Walimng'oa pale kama kisiki. Mtu alimkamata mkono akausokota mpaka ukalia, na alisikia mfupa wake mwenyewe kabla hajasikia maumivu. Shemeji akamimina petroli chini ya mlango, akarudi nyuma, akawasha. Moto uliingia ndani kwa kupiga magoti na ukasimama humo humo. Moshi ulitoka dirishani mweusi. Ndani mtu alikohoa, na Mama Mashine alikitambua kikohozi. Mama anajua kikohozi cha mwanawe hata kwenye kishindo cha dunia kuanguka.

"Fungua, Kipanga! Toka, baba, utakufa humo!"

Mlango ulifunguka. Aliyetoka mbele si Kipanga. Ni Jirani, fulana ameizungushia uso, mikono juu, viatu vinawaka. Alipiga hatua mbili za kipofu.

"Jamani, mimi fundi tu," akasema kwa ile lafudhi yake.

Lafudhi ile ndiyo iliyommaliza. Shemeji aliinua kipande cha reli kwa mikono yote miwili akakiteremsha. Mama Mashine alikuwa karibu kiasi cha kuweza kugusa, na alichosikia ni mshindo wa gunia lililojaa linapotuliwa sakafuni. Jirani alipiga magoti. Wengine wakafuata, kwa mawe, kwa mbao, kwa visigino. Mwanamke mmoja alikuwa akimpiga na ndoo tupu ya unga, anapiga na kulia. Mgeni hakupiga kelele. Baada ya muda mfupi hapakuwa na uso wa kupigia kelele.

Kipanga alitoka anatambaa, akamwona mwenzake, na badala ya kukimbia akajirusha juu yake. Kipande cha reli kilimpata kwenye taya. Mama Mashine hakujua alijinasua vipi. Alijikuta amelala juu ya mwanawe, mkono uliovunjika umebanwa chini, na mgongo wake ukapokea yaliyokuwa ya wote wawili. Alihesabu mapigo kwa mdomo, "Mwanangu, mwanangu, mwanangu," mpaka neno likakosa maana.

"Acheni, huyo Mama Mashine!"

"Si ajitoe!"

Hawakuacha kwa huruma. Waliacha kwa sababu moto ulikuwa umefika kwenye mafuta ya transfoma. Kishindo kilivunja kila kioo kilichosalia, na mafuta yanayowaka yakamwagika juu ya umati kama mvua. Watu walikimbia wakikanyagana. Shemeji naye alikimbia, suruali inawaka hadi mapajani, anapiga kelele ya kitoto akimwita mama yake aliyekufa zamani.

Jumatatu ilifika na umeme haukuja. Nchi ya pili ilimwita balozi wake nyumbani. Waziri wao alisema kwenye redio, kwa upole uliotisha, kwamba nyaya ziko tayari na bwawa lina maji, lakini swichi haitawashwa mpaka aliyemwua mtu wao atajwe na kukamatwa. Waziri wa huku akajibu kwamba huko ni kuwanyonga raia kwa kosa la wahuni. Jumuiya ikaleta tume, watu wenye majalada na walinzi, ikakaa kwenye ukumbi wa wilaya kusikiliza mashahidi. Mashahidi wakaja. Wote walikuwa nyuma. Wote waliona moshi tu. Ukiwasikiliza ungedhani kituo kile kilivamiwa na migongo ya watu.

Mji ulikaa gizani. Maji hayakupanda mabombani. Mashine ya Mama Mashine ilinyamaza, na ile ya dizeli ng'ambo ya barabara ikapandisha bei hadi watu wakarudi kutwanga. Hospitali ilikuwa na jenereta moja la kuwasha chumba cha upasuaji tu, na wodini watu walilala na jasho na nzi.

Humo ndimo alimolala Kipanga, taya limefungwa kwa waya, jicho moja limezibwa. Vitanda vitatu kutoka kwake alilala baba yake mdogo, miguu imefungwa bandeji kuanzia nyayo hadi kiunoni. Hakuwa na pingu. Kwenye orodha ya hospitali aliandikwa majeruhi wa mlipuko, kama wengine.

Mama Mashine alikuja mchana na uji mwepesi na mrija, mkono wake umening'inizwa shingoni. Alimnywesha kidogo kidogo. Kipanga alisukuma mrija kwa midomo. Maneno yalimtoka kupitia meno yaliyofungwa, yakiwa yamepondeka, lakini mama yake aliyaelewa yote.

"Mama. Uliwaambia?"

"Pumzika kwanza, baba."

"Asubuhi ile. Uliwaambia?"

Mama Mashine akakoroga uji kwa mrija. Kabla hajafungua kinywa, sauti ikatoka kitanda cha tatu.

"Aliwaambia, mwanangu," shemeji akasema. "Alituambia wote. Mota ilikuwa inanguruma, hatukumsikia. Usimlaumu mama yako."

Jicho moja la Kipanga lilifumba. Mkono wake ulipapasa shuka, ukaupata mkono mzima wa mama yake, ukaukaza. Ulikuwa moto, wenye nguvu bado, mkono wa mpanda minara. Mama Mashine alimwona mwanawe amemrudia mzima kama alivyoomba kila asubuhi.

Shemeji alimpungia kidole asogee. Alisogea. Shemeji yake alinuka dawa na nyama iliyoungua.

"Nimekusitiri," akanong'ona. "Umeona? Ni mtoto wa kaka yangu, sitaki amchukie mama yake. Basi na wewe kesho wakikuita kwenye tume, hukuniona. Ulikuwa umelala chini, ulimfunika mtoto, uliona nini? Miguu ya watu. Tunaishia hapo, sisi ni ndugu."

"Na umeme?"

"Umeme utakuja tu, shemeji. Wale wakubwa wanagombana mchana, jioni wanakula pamoja. Watasahau."

"Jirani ana mama," Mama Mashine akasema.

"Kila mtu ana mama. Mimi nazungumza habari ya mwanao."

Alirudi akakaa kitandani kwa mwanawe. Mkono ule ukamtafuta tena, ukamshika. Akatazama nzi wanavyotembea kwenye ukingo wa kikombe. Alikuwa na kila alichokitaka. Ilibidi tu anyamaze, na kunyamaza alishakuweza.

Ndipo alipogundua kwamba anasema, na kwamba anasema kwa sauti ya mashineni, wodi nzima ikigeuza vichwa.

"Sikuwaambia. Baba yako mdogo amekudanganya ili nami nimdanganyie. Niliulizwa, si mara moja. Niliona foleni nikataka wasage kwanza, halafu niliona ngumi nikaogopa. Fundi viatu aling'olewa jino kwa kusema nilichokuwa nakijua mimi. Na aliyempiga Jirani wa kwanza, kwa kipande cha reli, ni huyu hapa kitanda cha tatu. Nilikuwa karibu kama nilivyo karibu na wewe."

"Shemeji!" yule mtu akabweka. "Umechanganyikiwa? Nesi! Huyu mama amechanganyikiwa kichwa, alipigwa!" Alitaka kuinuka, miguu ikamkatalia, akaanguka ubavu na kulia kwa maumivu. Hakuna mgonjwa aliyecheka.

Vidole vya Kipanga vililegea kimoja kimoja, mkono ukaondoka, ukajiweka juu ya kifua chake mwenyewe. Jicho lake lilikuwa limefunguka, linatazama dari.

"Sema neno, baba," mama yake akamsihi. "Nitukane basi."

"Nenda," Kipanga akasema kupitia waya. "Nenda kawaambie wao."

"Nikirudi utanipokea?"

Taya lake lilikuwa limefungwa, lakini Mama Mashine alijua si waya uliomnyamazisha. Akaweka kikombe mahali ambapo mkono wa mwanawe ungekifikia, akauelekeza mrija upande wake. Kisha akatoka na kuishika barabara ya kwenda ukumbi wa wilaya, katikati ya jua, wanawake waliokuwa wakitwanga nje ya milango yao wakiacha michi hewani kumtazama, na mmoja wao, wa kitambaa chekundu, akaokota jiwe.

Mama Mashine hakugeuka kuona kama amelirusha.